Kabla ya Kubonyeza

Ukitaka kumtambua mwalimu anayezimudu zana za mtandaoni, usimtazame anapobonyeza. Mtazame dakika chache kabla hajabonyeza. Wengi wetu tumewahi kukaa katika darasa au semina ambayo projekta ikishawashwa tu, kila kitu kinamwagwa ukutani kwa mpigo: mchoro unaozunguka, video yenye muziki, mishale ya kila rangi, na msemaji anayerudia "kama mnavyoona". Tunaona kweli. Tukitoka nje, ukituuliza tumeona nini, tunajibu kwamba somo lilikuwa zuri.

Mwalimu ninayemwandika hapa ana mwenendo mwingine. Laptopu imewashwa, jaribio limefunguliwa, projekta inanguruma, na yeye amesimama katikati ya mwanga, nusu ya picha ikiwa juu ya shati lake, anauliza swali. Hasogei mpaka kila mtu awe ameandika jibu lake, hata yule wa dawati la nyuma anayejifanya anatafuta kalamu.

Anafundisha fizikia kidato cha pili na cha tatu katika shule ya kata mkoani Morogoro. Ameomba nisimtaje jina, nami sitamtaja. Vifaa vyake ni laptopu kuukuu ambayo betri yake inahimili vipindi viwili mfululizo ikiwa mwanga wa skrini umepunguzwa, projekta moja ambayo idara ya sayansi inagombania na ofisi ya taaluma, flashi moja, na simu yake mwenyewe. Intaneti ya shule darasani hakuna. Karibu kila anachokitumia alikipakua usiku, kwa bando la usiku, kwa sababu ndilo analolimudu.

Zana anayoitegemea kuliko zote inaitwa PhET. Ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati yanayoigizwa kwenye kompyuta, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani. Mwanzilishi ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 2001, na sehemu ya fedha za tuzo hiyo aliitia katika kazi hii. Mwalimu yeyote anayatumia bure. Jaribio zima ni faili moja la megabaiti chache. Likishapakuliwa linafunguka ndani ya kivinjari cha kawaida bila intaneti, na halichagui sana kompyuta. Baadhi ya majaribio yana toleo la Kiswahili, kazi ya wafasiri wa kujitolea.

Namna yanavyotengenezwa inastahili kusimuliwa. Jaribio likiwa bado halijakamilika, watengenezaji humwita mwanafunzi mmoja, wanamweka mbele ya kompyuta bila maelekezo, wanamwomba aseme kwa sauti kila anachokifikiri huku akichezea vifaa vilivyo mbele yake, na wao wanaandika. Halafu anakuja mwingine. Mwanafunzi akikwama au akielewa kitu kinyume, wanaokwenda kujirekebisha ni watengenezaji. Ndiyo maana ukifungua jaribio lao hukutani na ukurasa wa maelezo. Unakutana na vitu vya kushika, navyo vinakujibu papo hapo. Kuna watu mahali fulani waliojua mengi kuhusu umeme na wakakubali kunyamaza ili mtoto agundue mwenyewe. Kunyamaza huko ndiko mwalimu wangu wa Morogoro anakokuendeleza kwa mikono yake.

Jaribio la sakiti linaitwa Circuit Construction Kit: DC. Pembeni mwa skrini kuna waya, betri, balbu, vikinzani na swichi. Unaburuta kifaa, unakigusisha na kingine ncha kwa ncha, vinashikana. Sakiti ikikamilika balbu inawaka, na vidoti vya buluu, ambavyo ndizo elektroni, vinaanza kutembea katika waya zote kwa wakati mmoja. Ukiunganisha waya mtupu kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili, moto unaruka juu ya betri. Mtoto ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaunda sakiti inayowaka ndani ya muda mfupi sana. Kwa mwalimu huo ni mtihani, kwa sababu chombo kinachoonyesha kila kitu kwa upesi hivyo kinaweza kumaliza somo kabla halijaanza.

Basi kazi yake ya kwanza ni kuficha. Kuna visanduku vidogo vya tiki juu ya skrini. Cha kuonyesha mkondo, anaondoa tiki. Cha majina ya vifaa, anaondoa. Cha thamani, anaondoa. Ameta, kifaa cha kupima mkondo, inabaki mahali pake, haijaguswa. Kilichosalia ukutani ni betri ya volti 9, balbu moja na waya, na balbu inawaka. Yeyote anayeingia mlangoni wakati huo ataona picha maskini kabisa na kushangaa projekta imeletwa ya nini.

Kuficha huko kuna sababu yake. Walimu wa fizikia duniani kote wanaifahamu dhana moja ambayo watafiti wamekuwa wakiiandikia tangu miaka ya 1980: mwanafunzi anaamini kwamba mkondo wa umeme unapungua kila unapopita kwenye kifaa. Balbu ya kwanza inachukua fungu lake, ya pili inapata masalia. Mtoto wa mjini hakuiokota dhana hii hewani. Nyumbani anasikia kwamba friji inakula umeme, pasi ndiyo usiseme, na uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, anaziona kwa macho yake zikielekea sifuri. Umeme walioulipia unaisha. Mkondo kwenye waya utabakije vilevile? Ukimwambia kwamba haupungui, ataandika sentensi hiyo vizuri, ataipigia mstari kwa rula, na ukimpa swali la kufikirisha atajibu kwa imani yake ya zamani. Ile sentensi na ile imani zinaishi kichwani kwake kila moja chumba chake, na hazisalimiani.

Nilikuwa dawati la nyuma siku alipoifikia mada hiyo. Kwenye ubao, kwa chaki, alikuwa ameshachora sakiti ileile iliyokuwa ukutani. Huwa anafanya hivyo kila mara, kwa sababu umeme ukikatika projekta inazimika na mchoro wa chaki hauzimiki. Akaongeza balbu ya pili kwenye mchoro, katika mfululizo, na akauliza: nikiiweka hii, ipi itang'aa zaidi, iliyo karibu na chanya, iliyo karibu na hasi, au zitalingana? Andikeni jibu, na chini yake andikeni kwa nini.

Wakati wanaandika, alipita kati ya madawati polepole. Mwanzoni nilidhani anasahihisha. Hakuwa na kalamu mkononi. Alikuwa anasoma madaftari juu ya mabega yao akitafuta majibu yanayogombana, yenye sababu zinazoweza kusimama, na akiweka kichwani aliyeandika nini na amekaa wapi. Aliporudi mbele alikuwa ameshapanga nani azungumze kwanza na nani amfuate. Darasa lenyewe lilidhani anachagua ovyo.

Binti mmoja akasimama. Ya karibu na chanya itang'aa zaidi, mwalimu, maana ndiyo inayoanza kula. Wengi wakaitikia. Kijana wa upande wa dirisha akasema zitalingana. Kwa nini? Akasita, halafu akasema kitabu kinasema hivyo. Mwalimu akaguna tu, akageukia kwingine. Nilipenda mguno ule. Kijana alikuwa na jibu sahihi, binti alikuwa na fikra, na mwalimu hakuwa tayari kumzawadia mmoja kwa kumvunja mwingine. Ndipo mtoto mdogo kwa umbo, wa dawati la tatu, akauliza: "Mwalimu, ya kwanza ni ipi sasa? Umesema elektroni zinatoka hasi, mshale wa kitabu unatoka chanya." Darasa likacheka. Halafu likaacha kucheka.

Kwa maana swali lile lilikuwa limeupiga ukuta penye ufa. Kama balbu ya kwanza ndiyo inayofaidi, lazima tukubaliane ya kwanza ni ipi, na wao walikuwa na sababu mbili zinazowapeleka pande mbili. Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya Kiswahili cha mtaani, ya kurushiana mikono, ingawa notisi zingeandikwa baadaye kwa Kiingereza cha mtihani. Mwalimu aliyaacha yapande, yakapanda, na yalipokaribia kuwa kelele tupu akasogea pembeni mwa mwanga. Akaburuta balbu ya pili, akaiunganisha.

Balbu zote mbili zikafifia, na zikafifia sawasawa.

Mwalimu wa kawaida, na nasema hivyo bila dharau kwa kuwa hata mimi ningefanya hivyo, angeanza kueleza hapo. Yeye akarudi kusimama kwenye mwanga, akauliza swali la pili. Balbu ilipokuwa moja, ameta ingesoma ampea 0.90, aliwaandikia hiyo ubaoni. Sasa balbu ni mbili. Nikiweka ameta kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili, nitasoma ngapi, ngapi na ngapi? Nilichungulia daftari la jirani yangu: 0.90, 0.60, 0.30. Imani ya zamani ilikuwa imeona balbu zikilingana kwa macho yake na haikutikisika, ilijipanga upya tu. Akaweka ameta mahali pa kwanza: 0.45. Pa pili: 0.45. Kufikia mahali pa tatu darasa zima lilikuwa limesimama, na namba ilipotokea ileile, jirani yangu alifuta majibu yake matatu kwa kidole kilicholowa mate.

Hapo tu ndipo alipokirudishia tiki kisanduku cha mkondo. Vidoti vya buluu vikatokea, vinatembea kwa mwendo mmoja kuzunguka sakiti nzima, kabla ya balbu, kati ya balbu, baada ya balbu. Akaitoa balbu moja, akaziba pengo lake kwa waya, vidoti vikaongeza mwendo kote. Akairudisha, vikapunguza kote. Wala hakusema kitu. Waliokuwa wanasema ni wao.

Nimefikiri sana juu ya mpangilio ule: mwangaza kwanza, namba baadaye, elektroni mwisho. Vidoti vile ni kitu kizuri kuliko vyote kwenye jaribio hilo, na karibu kila anayelifungua huvianza. Lakini vidoti ni maelezo yaliyochorwa, na mwanafunzi akipewa maelezo kabla hajawa na shida ya kueleza, atayakariri kama alivyokariri sentensi ya kitabu. Mwalimu yule aliwajengea shida kwanza, akaihakikisha ni ya kweli na inawauma, ndipo akawapa picha ya kuitatua. Ni kama mpishi wa wali anayejua kwamba kufunua sufuria kila mara kunaharibu kilichomo, ingawa harufu inamwita kila aliye jikoni.

Ule moto wa betri pia ana namna yake ya kuutumia. Hauzuii, na hauonyeshi yeye. Anamwita mwanafunzi mmoja mbele, anamwachia kipanya, anamwomba aunganishe waya mtupu sambamba na balbu. Moto unaruka, darasa linapiga kelele, balbu inazimika. Swali linalofuata ni moja: mkondo umepita wapi, na kwa nini umeisusa balbu? Shoti wanayoisikia ikilaumiwa kila nyumba inapoungua, leo wameitengeneza wenyewe na hakuna kilichoungua.

Kisha anaizima projekta. Anatoa boksi la viatu lenye betri za redio, balbu ndogo za tochi, na vipande vya waya vilivyochunwa kwa wembe. Makundi, na kila kundi liunde kile lilichokiona. Hapo ndipo wengine wanagundua kwamba balbu halisi ina mahali pawili pa kugusisha waya, ubavuni na chini kabisa, na kwamba kwenye skrini palikuwa hivyohivyo ila hawakuangalia. Wapo wanaodhani majaribio ya kompyuta ni ya shule zisizo na maabara, kitu cha kujiliwaza. Mwaka 2005 Noah Finkelstein na wenzake wa Colorado walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wao waliojifunza sakiti kwa toleo la kompyuta na wale waliotumia vifaa halisi. Wa kompyuta walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya uelewa, na walipopewa waya na balbu za kweli waliunda sakiti na kuzieleza vizuri zaidi pia. Matokeo hayo yanashangaza mpaka ukumbuke waya halisi ulivyo: umelegea, una kutu, betri imechoka, na mtoto anamaliza kipindi akipambana na mambo ambayo siyo fizikia. Hata hivyo mwalimu wetu halitupi boksi lake la viatu. Anajua mtihani wa vitendo unakuja na waya zenye kutu.

Kwa kupima anatumia kitu kingine, na hapa naomba nichelewe kidogo, maana ni zana iliyofikiriwa kwa ajili ya darasa ambalo simu ni moja. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo mashindano ya maswali ambayo kila mtoto anabonyeza simu yake hayamfai. Plickers inafanya kazi kwa karatasi. Kila mwanafunzi anapewa kadi yenye umbo jeusi la pembepembe, lisilofanana na la mwenzake, na kila upande wa umbo hilo una herufi ndogo sana, A, B, C au D. Mwalimu anauliza swali la kuchagua. Mwanafunzi anainua kadi akiwa ameigeuza ili herufi anayoitaka iwe juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake juu ya darasa kama anayepiga picha ya harusi, na simu inasoma kila kadi ni ya nani na imejibu nini. Jirani hawezi kunakili, kwa sababu herufi ni ndogo na maumbo hayafanani. Mwoga wa kunyoosha mkono anajibu sawa na mwenye sauti kubwa.

Seti ya kawaida ina kadi 40, na kubwa ina 63. Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 70. Akaamua kadi moja kwa watu wawili wa dawati moja, na uamuzi uliotokana na uhaba umegeuka kuwa sehemu bora ya somo, kwa sababu wawili hawawezi kuinua kadi bila kukubaliana kwanza. Data anayotumia ni kidogo, ya simu yake. Kadi amezibandika kwenye vipande vya katoni ili zidumu.

Anachokifanya na majibu ndicho ufundi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kukatisha mihadhara yake kwa maswali ya aina hii, na kanuni inayohusishwa na mtindo wake ni rahisi: wakipata chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya, wakipata zaidi ya 70, songa mbele, wakiwa katikati, waache wabishane wao kwa wao kisha uwaulize tena. Mwalimu wangu haonyeshi grafu ya majibu baada ya mzunguko wa kwanza. Anaiangalia peke yake kwenye simu, uso mkavu kama wa mcheza karata, na anasema tu, geukeni mzungumze na dawati la nyuma yenu. Grafu wakiiona mapema watafuata wengi. Tena, jambo dogo ambalo programu inalitoa bure na kwa haraka, yeye amelificha.

Kwa nini hakuna anayesimulia habari hizi zana za mtandaoni zinaposifiwa? Nadhani ni kwa sababu haziko kwenye zana. Ziko kwenye daftari lake la kaunta, ambalo aliniruhusu kulisoma. Kwenye andalio la somo ameandika kama inavyotakiwa: mada, malengo, zana, hatua. Kwenye daftari hili kuna maswali tu, yaliyofutwa na kuandikwa upya mwaka baada ya mwaka. Swali la balbu mbili lilianza likiwa "Nini kitatokea tukiongeza balbu?" Pembeni ameandika kwamba majibu yalikuwa "itawaka", "zitawaka", "itafifia", na hakuna aliyebishana na mwenzake. Toleo la baadaye lilikuwa "Je, balbu zitafifia?" Wote walisema ndiyo, wakasahau. Ndipo likaja la ipi itang'aa zaidi, ambalo linamlazimisha mtu kuchagua upande. Swali la ameta liliongezwa baada ya kugundua kwamba balbu kulingana mwangaza hakumtoi mtu kwenye imani yake. Kila badiliko lina sababu ya mstari mmoja. Nimesoma vitabu vya mbinu za kufundishia ambavyo vina hekima ndogo kuliko ukurasa ule.

Mwenzake wa shule ya jirani aliazima kwake flashi na daftari kwa pamoja. Alinakili mafaili yote, akarudisha vyote siku ya pili, na kwa jinsi daftari lilivyokuwa limefungwa na raba-bendi ileile, mwalimu hana shaka kwamba halikufunguliwa.

Hisabati wana mtu wao, mwanamama wa vipindi vya asubuhi, na zana yake ni GeoGebra. Hiyo ilianza mwaka 2001 ikiwa kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Inaunganisha mchoro na mlinganyo: ukigusa kimoja, kingine kinabadilika. Yeye anatengeneza kitelezi kwa ajili ya mteremko wa mstari, kisha anaficha mlinganyo na kuwaachia mstari unaoinama na kuinuka peke yake. Watoto wanatakiwa waseme ni namba ipi inayosogezwa, na imefika ngapi. Mara nyingine anaficha hata mihimili. Nilipomsikia akilalamika kwamba GeoGebra inaonyesha mambo mengi mno kwa mara moja, nilijua ni wa ukoo uleule.

Kuhusu video sina mengi. Masomo ya Khan Academy ni mazuri, na mwalimu wetu wa fizikia amehifadhi baadhi. Anacheza dakika mbili tatu, sauti ikiwa imezimwa, na mwanafunzi mmoja anasimama kuwa msimulizi. Video ya dakika 15 ikichezwa yote hadi mwisho, anasema, inampumzisha mwalimu, na yeye hajaajiriwa kupumzika. Wikipedia anayo nzima ya Kiswahili kwenye flashi kupitia Kiwix, mradi wa tangu mwaka 2007 unaokuwezesha kubeba ensaiklopedia bila intaneti. Vitabu vya kiada anavipata Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hivi ni vya kusomea, havihitaji ujanja mkubwa.

Tabia yake ya kupakua kila kitu inachekesha vijana walioanza kazi juzi, ambao wamezoea kuwa na kila kitu mtandaoni. Lakini ameona mengi yakipotea. Adobe iliacha kuihudumia programu yake ya Flash mwisho wa mwaka 2020, na michezo na majaribio ya kufundishia yaliyotengenezwa kwayo yakageuka miraba ya kijivu. PhET ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imeshahamishia mengi ya majaribio yake kwenye teknolojia mpya. Google ilifunga ubao wake wa Jamboard mwisho wa mwaka 2024. Bure ya mtandaoni ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili mawazo. Faili lililo kwenye flashi halina mwenyewe wa kulifunga.

Wala bure haimaanishi hakuna gharama. Bando analipa yeye. Usiku analipa yeye. Kipindi kimoja cha namna hii kinamchukua jioni nzima ya kujaribu swali, kulijibu kama mtoto angelijibu, kulijibu kama mtoto mwingine angelijibu, na kuamua kisanduku kipi kibaki bila tiki hadi dakika gani. Akimaliza, kinachoonekana kesho yake ni mtu aliyesimama mbele ya projekta akiuliza maswali machache na kubonyeza mara chache kuliko wote waliopata kuishika projekta ile. Mgeni anayekuja kukagua matumizi ya teknolojia anaweza kuandika kwamba matumizi ni hafifu.

Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa kwenye swali ambalo bado halijamridhisha. Ni la balbu mbili sambamba. Anauliza: nikiiweka ya pili hivi, ile ya kwanza itafifia, itaongeza mwanga, au itabaki ilivyo? Kadi zinapanda, na wengi wanapata: itabaki. Programu inampa asilimia nzuri, na kwa kanuni ya Mazur angesonga mbele. Lakini alipowauliza sababu, wakasema jirani akiwasha taa, ya kwetu haififii. Ni kweli haififii. Ila bado wanaamini betri inatoa mkondo uleule siku zote, na kwamba balbu mbili zinagawana kile kilichokuwepo. Jibu sahihi limekaa juu ya imani mbovu, na zana haina namna ya kuliona hilo.

Kwenye daftari swali hilo limekatwa kwa mstari. Chini yake ameandika jipya, bado la penseli: ameta iwe karibu na betri, sio karibu na balbu, balbu moja ilisoma 0.90, na mbili sambamba zitasoma ngapi? Anatarajia wengi waseme 0.90, wachache 0.45, na mmoja au wawili, kwa woga, 1.80. Ana wasiwasi kama alitoe kabla ya swali la mwangaza au baada yake. Akilitoa kabla, anapoteza jirani na taa yake, ambaye ni hoja nzuri ya kuanzia. Akilitoa baada, watakuwa wameshajiona washindi na hawatasikia. Mkondo mmoja wa kidato cha pili ataujaribu kwa njia ya kwanza Jumanne, na ule mwingine kwa njia ya pili Alhamisi, projekta ikipatikana.